Ukoo Mdogo Kwenye Baraza la Amani

Katika wilaya ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, njia mbili za kuzuia vita vya koo zimewahi kujaribiwa, na kati ya moja na nyingine ilipita miaka 9 tu. Ya kwanza ni ya Februari 1984. Koo za Degodia na Ajuran zilikuwa zikivamiana, serikali ikataka silaha zisalimishwe, na wanaume wa Degodia wakaswagwa hadi uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Ya pili ni ya 1993. Koo hizo, na Ogaden pamoja nazo, zilikuwa zimerudi vitani. Safari hii walioingilia kati ni wanawake wa sokoni, nao walipotafuta mzee wa kuwaita wazee wenzake walimwendea mmoja wa ukoo mdogo kuliko zote. Wagalla iliacha makaburi na uchungu ambao wajukuu wa waliouawa wanaubeba hadi leo. Baraza la 1993 lilituliza wilaya, na baadaye serikali yenyewe ikalichukua kuwa mfano kwa nchi nzima. Wengi huzieleza njia hizi mbili kwa kulinganisha ukali wa askari na upole wa wazee. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu wazee nao wana ukali wao, na mwaka 1993 serikali haikuwa imeondoka Wajir. Jambo la kuuliza ni nafasi aliyopewa mtu wa jamii ndogo katika kila mpango. Kule Wagalla nasaba ya mtu ilitosha kumtia hatiani. Kwenye baraza, uchache wa watu wa yule mzee ndio uliowafanya wote wamwamini. Nikiifuata historia ya kaskazini mwa Kenya tangu enzi za ukoloni, naona amani ikishika kila ilipoanza na usalama wa walio wachache, na ikivunjika kila ilipoachwa iwe mapatano ya wakubwa peke yao.

Waingereza waliliita eneo hilo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na walilithamini kwa sababu moja kubwa: lilikuwa kinga kati ya mashamba ya walowezi wa nyanda za juu na mataifa yaliyokuwa ng'ambo, yaani Uhabeshi na Somalia ya Waitalia. Sheria ya 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliwapa maofisa uwezo wa kulifunga, hata mgeni asiingie wala mwenyeji asitoke bila kibali. Sheria ya 1934 ya wilaya maalumu ilizidisha, ikahesabu kabila zima au ukoo mzima kuwa mkosaji mmoja. Mtu mmoja akiiba ngamia, mifugo ya jamaa zake wote ingeweza kukamatwa. Kila jamii ilipangiwa eneo lake la malisho, na mstari ukachorwa kuwatenga Wasomali na Waborana. Watawala waliamini kwamba kwa kuwatenganisha watu hivyo wanazuia ugomvi. Lakini wafugaji wa nchi kame huifuata mvua, na kwa karne nyingi walikuwa na desturi yao ya kuishi pamoja. Jamii dhaifu ilijishikiza kwa jamii yenye nguvu, ikapewa haki ya kunywesha na kulisha, ikasimama nayo wakati wa vita na wakati wa kulipa fidia. Wenyeji huita uhusiano huo sheegat. Mipaka ya serikali haikuwa na nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Aliyekuwa mgeni wa kukaribishwa kisimani akawa mvamizi kwa mujibu wa sheria, na mwenyeji wake akagundua kwamba anaweza kumfukuza kwa msaada wa askari. Ndiyo maana nasema wachache ndio walioumizwa kwanza na sera iliyodai kuleta utulivu: waliondolewa kinga ya zamani, wala hawakupewa mpya.

Mwaka 1962, mazungumzo ya uhuru yakiendelea, Uingereza ilituma tume iwaulize wakazi wanataka nini. Wasomali, ambao ndio wengi katika eneo hilo, walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Baadhi ya jamii zisizo za Kisomali zilitaka kubaki Kenya. Jibu lilipotoka Machi 1963, Duncan Sandys, waziri wa makoloni, alitangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Juni mwaka huohuo Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Tarehe 28 Desemba, siku 16 tu baada ya bendera mpya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya waliotaka kujiunga na Somalia, vilivyokuja kuitwa vya shifta, vikawaka hadi 1967. Serikali ya Kenya ilizirithi zana za mkoloni ikazitumia zote. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya kulindwa na askari, na mifugo iliyokutwa nje ya mipaka ikatwaliwa au ikapigwa risasi. Hapa yafaa kuwakumbuka Wasakuye, jamii ndogo ya wafugaji wa ngamia katika nchi ya Isiolo na Moyale, ambao hawatajwi sana katika masimulizi ya vita hivi. Hawakuwa na nguvu ya kuamua chochote kuhusu mpaka wa Kenya na Somalia, lakini walitoka vitani wakiwa wamepoteza karibu ngamia wao wote, na jamii iliyojitegemea ikageuka ya mafukara. Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Kenneth Kaunda, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia Mohamed Ibrahim Egal walipatana mjini Arusha. Mapatano yalikuwa ya serikali mbili. Walioteseka katikati hawakuulizwa, na mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka ile. Hali ya hatari iliendelea hadi 1991.

Kwa hiyo kizazi kizima cha kaskazini mashariki kililelewa chini ya utawala wa kipekee. Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965, uliokuwa mwongozo wa uchumi wa taifa jipya, ulielekeza fedha za maendeleo ziende kule ambako zingezaa haraka, maana yake nyanda zenye mvua na reli. Nchi ya wafugaji ilipata kambi za jeshi kabla ya kupata shule za kutosha. Kukosa barabara na kunyimwa kitambulisho ni mambo ambayo mtu angeweza kuyaweka kando na kusema hayahusiani na vita vya koo. Yanahusiana sana. Mahali ambapo mahakama iko mbali, polisi ni adui, na hakuna kazi nje ya mifugo, ukoo ndio bima pekee ya mtu. Ukoo ndio unaolipa dia, yaani fidia ya damu, unaorudisha ngamia walioporwa, unaomlinda yatima. Mtu akikaa katika hali hiyo hawezi kuambiwa aache ukabila kwa hotuba. Wagalla inaonyesha jambo hilo kwa uchungu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwanyang'anya Degodia silaha ili mapigano yao na Ajuran yaishe. Idadi ya waliokufa serikali iliitaja kwanza kuwa 57, na mwaka 2000 ikakubali 380. Manusura wanataja zaidi ya elfu. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alisaidia kuwahudumia majeruhi na kuufikisha ukweli nje, kisha akafukuzwa nchini. Somo ambalo kijana wa Degodia alilipata pale ni kwamba kutopigana hakukumwokoa baba yake. Kama adhabu itamfikia mwenye hatia na asiye na hatia sawasawa, kwa nini asinunue bunduki?

Bunduki zikaja. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na silaha zikamiminika kuvuka mpaka pamoja na maelfu ya wakimbizi. Ukame wa 1991 na 1992 uliua sehemu kubwa ya mifugo. Miaka michache nyuma, mwaka 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali walikuwa wamepigwa msasa na kupewa kadi maalumu juu ya kitambulisho cha kawaida, kana kwamba uraia wao ulikuwa wa kujaribiwa. Katika hali hiyo ukafika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Ajuran walikipoteza kiti cha ubunge cha Wajir Magharibi, wakalalamika kwamba Degodia walileta wapiga kura kutoka nje. Kiti kilimaanisha mengi kuliko mshahara wa mbunge. Mwenye kiti angesikilizwa juu ya visima vichimbwe wapi, nani awe chifu, kata igawanywe vipi. Mapigano yakaanza porini, yakaingia mjini, na Ogaden nao wakavutwa ndani. Shule zilikosa walimu, wauguzi wakaondoka, na magari ya misaada yakaporwa. Ikafika mahali soko la Wajir likagawanyika kwa koo: mwanamke wa ukoo huu asimuuzie maziwa wa ukoo ule, wala asinunue nyama kwake.

Wanawake walianzia hapohapo sokoni, na walifikiri vizuri kuanzia hapo. Kundi dogo, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, lilikubaliana kwamba soko liwe salama kwa kila mwanamke wa kila ukoo, likaweka waangalizi wa kuhakikisha hilo linatimizwa. Kila anayezuiwa au kutukanwa apeleke habari, na kamati ya wanawake wa koo zote iende kulimaliza jambo siku ileile. Ukitazama kwa makini utaona kwamba waliokingwa kwanza na utaratibu huo ni wanawake wa koo ndogo. Mwanamke wa ukoo mkubwa angeweza kupata soko lake popote palipo na watu wake, lakini wa ukoo mdogo, akifukuzwa sokoni, hana pa kwenda. Soko lilipotulia, wanawake waliwaendea wazee. Hapo ndipo walipomtafuta yule mzee wa ukoo mdogo kuliko zote. Wazee wa koo kubwa wasingeweza kuitana, kwani anayeita ndiye anayeonekana amechoka vita. Mzee wa ukoo mdogo hakuwa na jeshi, wala hakuna aliyedhani anatafuta kiti. Alipowaambia kwamba wakubwa wakigongana wadogo ndio wanaokanyagwa, alikuwa akisema habari ya watu wake. Septemba 1993 wazee waliafikiana, wakatoa tamko linalojulikana kwa jina la Al-Fatah: mifugo iliyoibwa irudishwe, muuaji atambuliwe kwa jina lake, na ukoo ulipe bila kumficha.

Ipo hadithi nyepesi inayopendwa kuhusu Wajir, kwamba raia walileta amani wenyewe, serikali ikiwa imeshindwa na kukaa pembeni. Hadithi hiyo inawapa wanawake wale heshima wanayostahili, lakini inaficha nusu ya kazi yao. Waliingia katika ofisi ya mkuu wa wilaya na kwa wakuu wa usalama, wakataka mambo mawili. La kwanza, tukio likitokea, askari waende pamoja na mzee, mwanamke na shehe, na wote wafike kabla kisasi hakijaanza. La pili, wamtafute aliyetenda kosa, na wasiguse mifugo ya jamaa zake. Mwaka 1995 mpango huo ulipewa sura rasmi ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikiwa ndani ya mfumo wa kamati ya maendeleo ya wilaya. Dai lile la pili, la kumtafuta mkosaji peke yake, ndilo naliona kuwa kiini. Siku serikali ilipoacha kuuadhibu ukoo, ukoo nao ulipata sababu ya kumtoa mkosaji wake. Mwaka 2001 serikali iliunda kamati ya kitaifa ya kusimamia ujenzi wa amani, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha zaidi ya laki 6, kamati za namna ya Wajir zilipelekwa katika wilaya za nchi nzima. Dekha Ibrahim Abdi alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Wapo wanasheria na watetezi wa haki za wanawake wanaoupinga mfano huu, na hoja yao ni nzito. Wanasema amani ya wazee inafukia haki. Muuaji anarudi nyumbani kwa sababu ukoo wake umelipa ngamia, na mke wa marehemu hana kauli. Mfano wao mkuu ni Tamko la Modogashe la 2001, ambamo jamii za wilaya kadhaa za kaskazini zilikubaliana juu ya kanuni za malisho, wizi wa mifugo na fidia: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Siwezi kuitetea hesabu hiyo, na sitajaribu. Naongeza hata kasoro ambayo haitajwi sana. Kanuni za Modogashe kuhusu malisho ziliwataka wafugaji waombe ruhusa kabla ya kuingia katika eneo la wengine, na kwa kufanya hivyo zilikubali kwamba kila eneo lina kabila linalolimiliki. Mipaka ya 1934 ilikuwa imerudi, mara hii kwa mkono wa wenyeji. Jamii zilizoketi Modogashe zikiwa na nguvu ziliweza kudai eneo. Wachache, wasio na eneo linalotajwa kwa jina lao, walirithi udhaifu uleule. Lakini nikilinganisha Modogashe na Wajir ya 1993, naona kosa halikuwa kuwaita wazee. Kosa lilikuwa kusahau jinsi wazee wa Wajir walivyoitwa. Kule Wajir wanawake ndio waliofungua mlango, ukoo mdogo ndio ulioita, na ofisa wa serikali alikuwepo akiwa na sheria mkononi. Ukiondoa hao watatu, wanaobaki barazani ni wakubwa wanaogawana.

Marsabit, wilaya nyingine ya kaskazini, ni ushahidi mchungu zaidi. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2005 wapiganaji kutoka upande wa Borana walivamia kituo cha Turbi, penye Wagabra, wakaua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Kisasi kikafuata siku hiyohiyo dhidi ya Waborana waliokuwa safarini huko Bubisa. Viongozi waliingia kazini, na tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga iliyowabeba kwenda kwenye mkutano wa amani ilianguka karibu na mji wa Marsabit. Watu 14 walikufa. Bonaya Godana, Guracha Galgallo, Abdi Sasura na Titus Ngoyoni, wabunge wa jamii zilizokuwa zikipigana na za jirani zao, walikufa pamoja, na pamoja nao Mirugi Kariuki, naibu waziri wa usalama, na askofu William Waqo wa Kanisa Anglikana. Msiba ule ulifanya kazi ambayo mikutano ilikuwa imeshindwa kuifanya. Watu walizika wakiwa pamoja. Mwaka 2009 Wagabra na Waborana walitia saini makubaliano ya Maikona na Walda, na kwa muda njia zikapitika.

Kisha ukaja ugatuzi. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliweka ulinzi wa jamii ndogo na zilizotengwa miongoni mwa malengo ya kugawa madaraka, na ikaanzisha hazina ya usawazishaji ya nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa miaka 20. Kwa mara ya kwanza fedha za maana zilielekezwa kaskazini, na asiyeona hilo hajalinganisha hospitali za Wajir za sasa na za mwaka 1990. Lakini kaunti iliingiza hatari mpya: kiti kimoja cha gavana chenye bajeti ya mabilioni, na anayeshinda huchukua chote. Katika uchaguzi wa 2013 Warendille, Wagabra na Waburji wa Marsabit waliungana katika muungano uliopewa jina la REGABU, wakamfanya Ukur Yatani gavana. Waborana, mojawapo ya jamii kubwa zaidi za kaunti hiyo, walijikuta nje ya uongozi wa juu, na kabla mwaka haujaisha Moyale ikawaka moto, watu wakikimbilia Ethiopia. Mwaka 2017 meza ikapinduka, Mohamud Ali wa Borana akashika ugavana, na waliokuwa ndani wakawa nje. Wako waliousifu muungano wa 2013 kuwa ni ushindi wa wachache. Mimi sioni hivyo. Ilikuwa hesabu: jamii tatu zikijumlishwa zinaizidi moja. Wawaata, waliokuwa wawindaji na ambao jirani zao wamewadharau kwa muda mrefu, na El Molo wavuvi wa Ziwa Turkana, ambao hawafiki hata elfu 10, hawawezi kubadili jumla yoyote, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza wanataka nini.

Atakayenijibu kwamba demokrasia ni ya wengi, na kwamba jamii ndogo haiwezi kupewa kura ya turufu, ana haki ya kusikilizwa. Walio wengi wakinyimwa ushindi wao nao hukasirika, na hasira ya wengi ina madhara makubwa kuliko ya wachache. Lakini sheria ya Kenya haiwataki washindi wakiachie kiti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Sheria ya utangamano ya 2008 ilikuwa imeshakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Madai hayo ni madogo: karani, muuguzi, dereva, mtu wa ukoo mdogo anayeiona bajeti ikipita na anayeweza kuuliza. Ukaguzi wa tume ya utangamano uliotolewa 2016 ulikuta kaunti nyingi zimelivunja sharti hilo, na sikumbuki gavana aliyeondoka madarakani kwa kosa hilo. Waborana wa 2013 na Wagabra wa 2017 wangepigania kiti kwa woga mdogo zaidi kama wangejua kwamba anayeshindwa hafukuzwi ofisini na zahanatini. Kinga ya wachache ni dhamana ya yule mkubwa pia siku atakaposhindwa, na Marsabit siku hiyo imemfika kila mtu kwa zamu.

Hata neno wachache linahitaji kuulizwa ni wachache wapi. Wasomali ni wachache Nairobi, na Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu yao walikamatwa Eastleigh, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wathibitishe uraia wao. Ukivuka Mto Tana, wachache ni walimu na wauguzi Wakristo waliotoka bara. Novemba 2014 Al-Shabaab waliwateremsha kutoka kwenye basi karibu na Mandera, wakawatenga kwa dini, wakaua watu 28. Aprili 2015 waliua 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi wakakataa kurudi, na shule zikabaki na watoto wasio na wa kuwafundisha. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa njiani kuelekea Mandera, na safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Wenye kusema kwamba tishio la ugaidi halina dawa ila mkono mzito juu ya jamii anamojificha gaidi wanapaswa kuyaweka matukio haya mawili pamoja. Kasarani haikuwafanya watu wa Eastleigh wawe tayari zaidi kupeleka habari kwa polisi. Waliowaokoa abiria wa Mandera ni watu wa jamii ileile iliyokamatwa kwa maelfu.

Hoja ya mwisho naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa ina nchi nzima nyuma yake. Tanzania iliwaondoa machifu serikalini mwaka 1963, ikaacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya 1967, ikasomesha watoto wa shule za msingi kwa Kiswahili, na ina makabila zaidi ya 120 yasiyopigania Ikulu. Kwa nini Kenya iandike jamii ndogo katika katiba, badala ya kuzisahaulisha zote? Mafanikio ya Tanzania ni ya kweli, na kazi ya Nyerere katika jambo hili haina mfano katika eneo letu. Lakini Wasukuma, walio wengi kuliko kabila lolote nchini humo, hawafiki hata robo ya wananchi, na mkoloni hakuwa ameifunga sehemu moja ya nchi kwa miongo sita kwa sheria ya adhabu za kikabila. Kaskazini mwa Kenya serikali ndiyo iliyomfundisha mtu kwamba yeye ni ukoo wake. Haiwezi kuamka asubuhi moja na kumwambia kwamba ukoo hauonekani, huku msajili wa vitambulisho akiendelea kuuona. Na hata Tanzania, upofu wa makabila haukuwalinda wote. Wabarabaig wa Hanang walipoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya serikali kuanzia miaka ya 1970, na kwa kuwa hapakuwa na kabila katika sera, hapakuwa na mtu wa kusema kwamba mzigo wa maendeleo umetwishwa jamii moja ndogo.

Tukirudi Kenya, barabara ya lami ya takriban kilomita 500 kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Hazina ya usawazishaji kwa miaka mingi ilitoa fedha kwa shida. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho, utaratibu ambao ulikuwa umewabagua kwa miongo. Upinzani ulikuja mara moja kutoka kwa waliohofia usalama, na hofu yao haiwezi kupuuzwa katika nchi iliyozika watoto wa Garissa. Jibu la hofu hiyo limo katika tamko la Al-Fatah lenyewe: mkosaji atajwe kwa jina lake, na ukoo usimfiche. Serikali inayotaka ukoo umtaje muuaji inapaswa kwanza kuwa na jina la kila kijana wa ukoo huo katika daftari lake la raia, wa ukoo mkubwa na wa mdogo, wakiwa wamesubiri kwenye foleni moja na kuulizwa maswali yaleyale anayoulizwa kijana wa Nyeri au Kisumu.